Misa ya Mama, Kando ya Bahari

Pwani ya Kenya, 24 Agosti 1991

Yaya Régine, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za chumvi na jua. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na baba mdogo Kunda na mguu wake wa kulalamika, na watu wote wa lupango, nyumba zote za uani. Mimi na Lydie hatujambo, tena tumenenepa. Mwambie Mama kwamba tangu tufike mkwe wake hajashika mwiko hata mara moja, na bado tunakula mpaka tunaona haya.

Wewe uko Kenya ya kwetu, mtaa wa Lubumbashi wa vumbi na bia, na mimi niko Kenya yenyewe, nchi ya watu. Usinionee wivu, dada. Au nionee kidogo.

Likizo ndiyo hii. Miaka yote kampuni inanipa congé, na naenda kuimalizia wapi? Kipushi kwa wakwe, nikikaa na baba yake Lydie kutazama malori yanayokwenda mpakani. Safari hii nikasema hapana. Unamkumbuka Ferruccio, yule fundi Mtaliano niliyefanya naye kazi mgodini, aliyekuwa anakuja kwetu kula bukari la mahindi kwa mikono miwili? Amejenga hoteli hapa, nyumba za makuti zenye vitanda vyeupe. Wageni wanakuja kutoka Ulaya kwa jambo moja tu, kuzama. Wanavaa nguo za mpira kama ngozi ya kambare, wanafunga mtungi wa hewa mgongoni, wanajiangusha majini kinyumenyume kutoka kwenye boti, na wanakaa huko chini wakitazama samaki. Hawawavui. Wanawatazama, wanarudi juu, wanashukuru.

Mimi ambaye maisha yangu yote nimesimamia kompresa ili wachimbaji wapate hewa chini ya ardhi, nilicheka mpaka Lydie akanikanya. Kwetu mtu analipwa ili ashuke. Hapa mtu analipa ili ashuke, na akirudi juu anaomba ashuke tena kesho.

Ferruccio alinishusha nami. Mwanzoni nilimshika mkono kama bibi harusi. Halafu nikafungua macho. Yaya, kuna matumbawe kama bustani ya masista, kuna samaki wa milia ya njano, kuna mkunga anayetoa kichwa kwenye pango lake, mdomo wazi, kama mwenye duka anayengoja wateja. Husikii kitu isipokuwa pumzi yako mwenyewe. Huko chini hakuna mkubwa wa kazi anayekuambia mishahara itachelewa tena, hakuna redio ya kutangaza serikali nyingine mpya. Nilikaa mpaka Ferruccio akanivuta mguu.

Mwisho wa Septemba tutakuwa nyumbani. Mwambie Mama asichoke kuningoja.

Mdogo wako,
Liévin


Lubumbashi, 3 Novemba 1991

Liévin, mdogo wangu,

Salamu. Barua yako ya Agosti imefika juzi tu, imefunguliwa na kufungwa tena. Septemba imepita, Oktoba imepita, hatukukuona. Baba mdogo Kunda anakusalimu, mguu ni ule ule. Majirani wanakusalimu. Padri anakusalimu na anauliza kama pwani kuna makanisa.

Kwetu mambo yameharibika. Mwezi uliopita wanajeshi walitoka kambini wakaanza kupora, na raia wakamalizia. Mji mzima ulikuwa unahama juu ya vichwa vya watu: friji inapita, mlango unapita, mabati yanapita. Nyumba yako ya kampuni wameikamua. Hata nyaya za umeme wamezing'oa ukutani. Niliona beseni lako la kuogea likipita kwenye kigari, nikanyamaza, maana aliyelisukuma alikuwa na panga. Maduka ya dawa yamebaki rafu tupu. Na pale kazini kwako, sijui nani bado ni nani.

Emery, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeleta mali ya jumla kutoka Mombasa, anaondoka sasa hivi. Amesimamisha lori barabarani na anapiga honi. Naandika juu ya goti. Amesema hoteli yako iko karibu na njia yake. Basi nakuambia neno moja tu. Mama ni mgonjwa sana. Usiulize mengi. Njoo.

Dada yako,
Régine


Pwani ya Kenya, 12 Desemba 1991

Yaya wangu,

Pole. Pole sana. Pole kwako, pole kwa baba mdogo Kunda, pole kwa ukoo wote, wa Lubumbashi na wa Kongolo.

Nilianza kusoma barua yako nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Hukuhitaji kuandika zaidi. Sisi si watoto. Baba alipofariki nami niko bweni kwa mapadri, ni wewe uliyetuma neno: Baba mgonjwa, njoo. Nikaja na machungwa ya mgonjwa, nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wameketi chini. Tangu siku ile najua kwamba kwetu kifo hakiandikwi. Mtu anaitwa kwanza, anakalishwa, anashikwa mabega, ndipo anaambiwa.

Tena nimetafuta salamu ya Mama katika barua yako na sikuiona. Mguu wa baba mdogo umenisalimu, padri amenisalimu, Mama hapana. Barua zako zote tangu ujue kushika kalamu zina maneno "Mama anakusalimu". Hii haina. Nikaelewa.

Nimenyoa nywele. Nimelala chini juu ya mkeka, na wageni wa hoteli wakadhani ni dini mpya. Nimesomesha misa ya wafu kwenye kanisa dogo la hapa. Emery alikuwa bado hajapakia mzigo, akaja, ingawa yeye ni Mprotestanti, akasimama nyuma na kofia mkononi. Ferruccio alizima kompresa ya kujazia mitungi asubuhi nzima kwa heshima ya Mama, na wazamiaji wakakaa ufukweni wakinung'unika. Lydie amelia mpaka sauti imekauka.

Najua utaniambia nije. Nije kutazama nini, Yaya? Udongo? Njia ni mbaya, nyumba umesema imekamuliwa, na yule aliyekuwa ananiita hayupo tena. Tumeona ni bora tuongeze likizo kidogo, mpaka nchi itulie. Maliza kilio bila mimi, baba mdogo akae mahali pangu. Emery anakuletea kitambaa cheusi ushone nguo ya matanga. Ni kitambaa kizuri, si cha kupauka.

Sikumwona Mama kabla hajaenda. Hilo litaniuma mpaka siku yangu.

Mdogo wako katika huzuni,
Liévin


Lubumbashi, 19 Januari 1992

Liévin,

Mama anakusalimu.

Rudi usome tena mstari huo. Mama anakusalimu. Amekaa hapa mbele yangu, anachambua matembele ya chakula cha mchana, na ananiuliza mbona kalamu inakwaruza karatasi namna hii.

Nilitaka nisikusimulie yaliyotokea, lakini nitakusimulia, maana sioni kwa nini ulale vizuri. Emery alikuja Jumapili iliyopita, akitoka kwenye ibada yake. Kwa kawaida haingii, anapiga honi tu njiani, kwa hiyo Mama na yeye hawajuani kwa sura. Siku hiyo alivaa koti jeusi na nyuma yake wapakiaji wawili walibeba gunia la unga na gunia la mchele, kama watu waendao kilioni. Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, miguu imevimba, ameiweka juu ya kigoda. Emery alimwamkia kama anavyoamkiwa bibi yeyote, akampita, akanishika mikono yangu miwili.

"Mama Régine, pole sana. Mungu njo alitupatia, Mungu njo alikamata. Misa tulimusomea kule."

Mama akauliza kutoka kitini: "Papa, ni nani alikufa?"

"Ni mama ya Liévin, bibi. Ule muzee wa hii lupango."

Mama akajigusa kifua. "Anh," akasema. "Njo miye."

Liévin, kama mtu angeweza kuingia ndani ya gunia la unga na kufunga mdomo wake kwa ndani, Emery angeingia. Wapakiaji waliweka mizigo chini taratibu, na juu yake kitambaa cheusi na barua yako. Mama akamwonyesha akalie gunia la mchele.

"Ikala, papa, usiogope. Unielezee. Ku misa, baliimba muzuri?"

"Baliimba, mama."

"Bantu balikuwa bengi?"

Emery ni mtu wa kweli hata pale uongo ungekuwa huruma. "Hapana, mama. Tulikuwa miye na Liévin, na ule Mutaliano, na padri."

"Lydie hakukuwa?"

"Lydie haiko kule, mama. Alienda tangu mwezi wa kumi."

"Na mutoto yangu, alilia?"

"Alilia sana."

"Bon," Mama akasema. Akaomba aone kitambaa. Akakipima kwa vidole, akavuta uzi mmoja. "Iko ya nguvu. Régine, weka. Siku moja mutashona."

Basi baada ya hapo alimkamua Emery kama nyumba yako ilivyokamuliwa. Ndivyo tulivyojua kwamba unavaa ovaroli ya bluu. Kwamba unalala chumba cha nyuma ya mashine. Kwamba kazi yako ni kujaza hewa mitungi ya wazungu, na vitanda vyeupe unaviona kupitia dirishani. Mama aliuliza: "Sasa mutoto yangu kule iko mugeni ao iko boyi?" Emery akatazama viatu vyake.

Kazi si aibu. Mimi mwalimu nauza samaki wa Kasenga sokoni, wanafunzi wangu wa zamani wananunua kwangu na kuniambia nipunguze bei. Sijafa. Aibu ni kumzika mtu ili usipande lori. Baba mdogo Kunda alipoambiwa alisema, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Wewe umeficha kazi na mke, na kilio kimekuumbua kweli.

Salamu ya Mama haikuwemo kwa sababu alikuwa amelala na honi inapigwa. Ndivyo tu. Nilipoandika "mgonjwa" nilikuwa na maana ya mgonjwa. Kwenye dispensaire wanasema moyo umechoka, na dawa inayotakiwa haipatikani tangu Oktoba.

Baba mdogo anasema mtu aliyeliliwa kilio akiwa hai, yule aliyemlilia lazima aje mwenyewe, wanawe mikono kwenye beseni moja, wale sahani moja, ndipo kilio kinafutika. Usipokuja, Mama hatajua yuko upande gani, wa walio hai au wa wafu. Mama anasema hayo ni maneno ya watu wa reli waliostaafu na hawana la kufanya. Yeye anataka kukuona tu. Amesema: "Muambie akuje. Moyo inachoka, lakini itamungoya."

Njoo, Liévin. Ovaroli hata kwetu zinafuliwa.

Régine


Pwani ya Kenya, 15 Aprili 1992

Yaya Régine,

Salamu kwako na kwa baba mdogo. Salamu kwa Mama. Mkono wangu umesimama muda mrefu kabla ya kuandika hilo la mwisho.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza kwa hasira na kuchana, nikaanza tena kwa hasira na kuchana. Emery ana mdomo mpana kuliko lori lake. Lakini hakusema uongo. Siku redio ilipotangaza uporaji wa mji mkuu, mizigo yetu imeshafungwa, Lydie aliniuliza, "Sasa siye tuko banani, bageni ao bakimbizi?" Alikwenda Nairobi kwa binamu yake, na kutoka huko amekwenda Ubelgiji. Hakuaga kwa ubaya. Alikunja nguo zangu vizuri, akaziweka kitandani. Usimwambie baba mdogo.

Ferruccio alingoja likizo yangu iishe, kwa adabu sana. Siku moja akasema chumba kinahitajika kwa wageni, akanionyesha mashine. Ni kompresa ndogo, Yaya, kama mtoto wa zile zetu. Naijua kwa kuisikiliza. Nabadilisha vichujio, najaza mitungi, naisuuza chumvi, naipanga. Mwezi wa Agosti nilikaa meza moja na Mjerumani mmoja, tukacheka, akanimiminia divai. Novemba alirudi, akanipa mtungi wake mtupu bila kunitazama usoni. Hakunidharau. Hakunitambua. Tangu siku hiyo sijashuka tena majini. Likizo niliendelea nayo kwenye barua tu, na hapo hakuna aliyeomba chumba.

Sasa niambie kweli. Nimeshamzika Mama moyoni, na kumfukua si kazi ya siku moja. Naujua ukoo wetu unavyomvuta mtu. Kwanza mgonjwa, halafu amepata nafuu, halafu anakuita, mpaka mtu afike na kukuta turubai. Huenda umeandika haya yote, hata lile la Emery na magunia, ili nije kwenye kilio bila kuanguka njiani. Ungefanya hivyo kwa wema, nakujua. Kwa hiyo nakuomba: kama yu hai, aseme neno moja ambalo ni yeye tu anaweza kulisema, nawe uliandike. Nikiliona nitaondoka. Sasa hivi ni Pasaka, wageni wamejaa, na Ferruccio hana mtu mwingine wa mashine.

Usinikasirikie.

Liévin


Lubumbashi, 7 Juni 1992

Liévin,

Baba mdogo anakusalimu. Mama anakusalimu, kwa namna utakayoiona hapa chini.

Barua yako ilikaa wiki nyingi kwa mtu mmoja Kipushi aliyeogopa njia. Nilimsomea Mama yote, hata pale nilipotaka kuruka, maana akisikia ninameza mate anajua kuna kitu ninaruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba maji, akanywa, akaniambia nichukue kalamu na kwamba hatarudia. Nayaandika kama alivyoyatamka:

"Liévin, mutoto yangu. Miye sitoe ushahidi. Nilikuzaa, nilikunyonyesha, nilikupeleka ku masomo na feza ya mihogo. Leo unaniomba nionyeshe kama niko muzima? Ku bureau ya Leta, kwa serikali, njo banaombaka bazee vile, juu ya pension. Weye hauko Leta. Kama unatafuta kujua, kuya uangalie na macho yako. Kama hautake, bakia na bahari yako, na ule mama mwenye ulizika umuchunge muzuri, juu hauna mwingine."

Niliweka kalamu chini nikidhani amemaliza. Nilikuwa ninalia, nikainuka kwenda kuangalia chungu. Akaniita nirudi.

"Ongeza tena. Ile bahari, ng'ambo yake iko inchi ya nani? Alielezea basamaki, alielezea bazungu, ile hakusema. Ku Kasenga ukisimama ku Luapula unaona Zambia, unaona hata mwanamuke wa kule anafua nguo. Weye hapo unaonaka nini?"

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi ninayo yangu, ni machache. Hawezi tena kulala chali, pumzi inakatika. Analala ameketi, mito nyuma ya mgongo. Umeniambia ningekudanganya kwa wema. Sina wema kiasi hicho, Liévin. Nimechoka kuwa watoto wawili peke yangu.

Régine


Kitwe, 30 Agosti 1992

Yaya Régine,

Salamu za karibu! Ndiyo, soma vizuri, Kitwe. Niko kwa Clément, mpwa wa marehemu Baba, na barua hii anakuletea Annie, yule mama anayevusha vitenge na sukari mpakani. Clément na mke wake wanakusalimu sana. Mwambie baba mdogo nimemletea dawa ya kupaka mguu.

Barua yako ilinikuta mwisho wa Julai. Nilipofika pale pa ng'ambo ya bahari nilijua. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kunifukuza na kuniuliza habari katika pumzi moja. Nililia kuliko siku ya misa. Asubuhi nikamrudishia Ferruccio ovaroli yake. Akanikumbatia, akanipa shati. Emery alinichukua, lakini hajanisamehe. Tanzania yote hakunisemesha isipokuwa "shuka" na "panda". Mwambie Mama nilikwenda ufukweni kutazama kwa ajili yake kabla ya kuondoka. Hakuna ng'ambo. Ni maji tu mpaka macho yanaumia.

Habari zinazokuja hapa kutoka kwenu ni mbaya, kwamba jirani anamfukuza jirani na watu wanalala kwenye kituo cha treni. Lakini Annie anasema njia inapitika.

Sasa sikiliza, na usinigombeze kabla sijamaliza. Siku ile tunaondoka uwanja wa ndege wa Luano nilivaa suti, ukoo mzima mkanisindikiza, Mama akanipangusa mabega. Siwezi kuingia lupangoni na shati la Ferruccio lenye picha ya samaki kifuani. Mkono mtupu haulambwi, Yaya, na majirani wetu unawajua. Clément amenipeleka kwa mshonaji mmoja mzuri sana. Kitambaa cha kijivu, koti la vifungo vitatu. Amesema wiki moja. Wiki moja ni nini baada ya mwaka mzima? Nataka Mama aone mwana aliyetoka safari, asione mtu aliyetolewa shimoni.

Jumapili ijayo nitanawa naye mikono kwenye beseni moja. Pika samaki wa Kasenga, yule wa kukaushwa, na usitie pilipili nyingi.

Mdogo wako,
Liévin


Lubumbashi, 13 Septemba 1992

Liévin,

Baba mdogo Kunda anakusalimu. Majirani wanakusalimu. Emery, ambaye amekaa hapa nje na watu wengine, anakusalimu.

Nitaandika neno lenyewe, maana kwako ile njia ya wazee haikufaa kitu. Mama amekufa. Alikufa Alhamisi asubuhi, tumemzika jana.

Siku Annie alipoleta barua yako, Mama aliniomba nimwogeshe. Nikamsuka, nikampaka mafuta miguu, akachagua mwenyewe kitenge cha sikukuu. Akataka kiti kisogezwe mpaka kwenye ukingo wa baraza ili aone lango. Nilimwambia Jumapili bado. Akasema anajizoeza. Habari ya bahari kukosa ng'ambo aliifikiria siku nzima. Jioni akasema: "Basi alikuwa mahali mubaya, masikini."

Jumapili nilipika. Mama alikataa kula kabla yako. Samaki alipoa, nikampasha moto, akapoa tena. Baba mdogo alikwenda barabarani na mguu wake kutazama magari ya mpakani, akarudi. Jumatatu asubuhi nilimwomba Annie avuke aje kwako na maneno ya mdomo, aache hata biashara yake: acha suti, njoo leo. Annie alikukuta kwa mshonaji. Jumanne alirudi na jibu lako. Sikumwalika ndani, nilimpokea langoni, lakini Mama masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Annie anasema nini?"

"Anasema Liévin iko njiani, mama."

"Hapana. Sema kile Annie alisema."

Nikasema. "Anasema suti ilibakia vifungo tu. Alhamisi anafika."

Akacheka, Liévin. Alicheka mpaka pumzi ikakatika na ikabidi nimshike mgongo. "Vifungo!" akasema. "Muambie akuje wazi vile vile. Nilimuzaa bila hata kifungo moja."

Sikuwa na mtu wa kumtuma tena. Hayo maneno yanakufikia sasa.

Jumatano alikula vijiko viwili vya uji, kwa sababu nililia mbele yake na akanionea huruma. Alhamisi nilimweka kitini mapema. Nilikwenda kuchota maji, niliporudi kichwa kilikuwa kimeinama upande wa lango na nilidhani anatazama. Baba mdogo ndiye aliyemfumba macho.

Wewe hukufika Alhamisi. Annie, aliyekuwa ameshavuka tena kwa biashara yake, ananiambia mikono ya koti ilitoka mirefu, ikabidi ipunguzwe. Sijui nicheke au nivunje kitu. Ninakuchukia, mdogo wangu, na ninakupenda, na yote mawili nimebaki nayo peke yangu katika nyumba yenye kiti kitupu. Mwaka mzima nilimtunza kwa ajili yako. Nilidhani ninamtunza kwa ajili yake, lakini hapana, nilikuwa ninakuwekea.

Baba mdogo alitaka tukungoje ndipo tuzike. Wazee walikubali. Mimi nilikataa. Nilisema Mama amengoja vya kutosha, hatangoja tena akiwa ndani ya sanduku. Waliniona mkali. Acha wanione.

Njoo ukitaka. Annie atakuonyesha njia ya makaburini, msalaba una rangi mbichi bado. Suti itafaa, wanaume wengi hapa wamekuja bila koti. Chakula kipo, kitanda kipo. Lakini ukifika langoni usilie kwa sauti, Liévin. Majirani wote wanajua kwamba wewe ulishalia.

Dada yako,
Régine